Mgono wa Kaa Unapokamata Wasiotakiwa: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Watega Kaa wa Vijito vya Uganda

Uganda haina bahari, na msomaji wa pwani anaweza kushangaa kusikia kwamba huku nako kuna watu wanaoamka alfajiri kwenda kuinua migono, yaani vikapu vya kutegea kaa. Kaa wetu ni wa maji baridi, wa jenasi iitwayo Potamonautes, na huishi chini ya mawe na ndani ya mashimo ya kingo za vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Elgon, Ruwenzori na misitu ya magharibi. Sababu kubwa ya kuwatega ni afya ya watu. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon waliandika kutoka Kenya kwamba mabuu ya usubi aitwaye Simulium neavei, anayeeneza upofu wa mtoni, hukulia juu ya miili ya kaa wa mitoni. Uganda ilipoamua mwaka 2007 kuutokomeza kabisa ugonjwa huo badala ya kuendelea kuupunguza tu, kazi ya kuwakamata kaa, kuwageuza, kuwachunguza gamba na mashina ya miguu kisha kuwarudisha majini ikawa njia mojawapo ya kujua kama usubi bado upo katika kijito fulani.

Kwa kazi hiyo, kiumbe asiyetakiwa ni hasara ya pande mbili. Yeye mwenyewe hufa bure, na kaa aliyekesha akivutana naye ndani ya kikapu huchubuka na kung'oka miguu, hata mchunguzi asijue kama gamba lilikuwa safi tangu mwanzo au mabuu yamesuguliwa yakatoka. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata kile unachokikuta asubuhi, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi imetangulia.

Kabla ya kutafuta mchawi

Mgono ninaouzungumzia ni kikapu cha fito za mwanzi, au cha waya, chenye urefu unaokaribia mkono wa mtu mzima, mdomo mpana upande mmoja, na koo linaloingia ndani likipungua upana ili aliyeingia asiione njia ya kurudi. Malalamiko mengi niliyopata kuyasikia hukomea kwenye mambo matatu ambayo hayahitaji kifaa chochote: kina ambacho mgono umelala, saa ambazo umekaa majini, na aina ya chambo. Yakague hayo kwanza. Usikate wala kufuma chochote upya kabla hujajibu maswali hayo matatu kwa kila mgono peke yake, kwa sababu migono miwili iliyofumwa na mkono mmoja huweza kukamata vitu tofauti kabisa ikiwa mmoja uko kwenye mkondo na mwingine uko kwenye dimbwi.

Jambo jingine la kufanya mapema ni kuwapima kaa wa kijito chako. Chukua kaa wakubwa watano au sita, pima upana wa gamba, kisha pima unene wa mwili kutoka tumboni hadi mgongoni. Utaona kwamba kaa ni mpana lakini si mnene. Umbo hilo ndilo silaha yako, kwani mlango mpana wenye kimo kifupi humpitisha kaa na kumzuia mnyama mwenye kichwa cha mviringo. Andika vipimo hivyo mahali, maana tutavirudia.

Dalili ya kwanza: vyura waliokufa ndani ya mgono

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa zaidi, na ndilo linaloudhi zaidi kwa sababu linazuilika kwa urahisi. Chura mwenyewe kwa kawaida ni Xenopus, yule wa ngozi inayoteleza kama sabuni, macho yanayotazama juu, na kucha ndogo nyeusi kwenye vidole vya miguu ya nyuma. Maisha yake yote ni ya majini, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba hawezi kufa maji. Dhana hiyo ni kosa. Xenopus hupumua kwa mapafu na lazima apande juu mara kwa mara kuvuta hewa. Harufu ya nyama humvuta kutoka mbali, huingia kwa koo lile lile la kaa, na akishindwa kufika juu hufa huku amezungukwa na maji aliyozaliwa ndani yake.

Sababu ya kwanza ni mgono kuzama wote. Simama kando ya kijito uutazame ulivyolala: je, kuna sehemu yoyote ya ndani ya kikapu iliyo juu ya maji? Kama hakuna, usiendelee kutafuta. Uinue upande wa mkia hadi upana wa kiganja ubaki nje, uegemeze kwenye jiwe, kisha ufunge.

Lakini jiwe halitoshi wakati wa mvua. Aprili moja nilitega migono sita juu kidogo ya vijiji vya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na jioni kila mmoja ulikuwa na nafasi nzuri ya hewa. Usiku mvua ikanyesha mlimani, kwetu chini isidondoke hata tone. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda kufikia goti, na ndani ya mgono wa tatu nilikuta vyura tisa wamelala chali, matumbo meupe, mikono imenyooka mbele kama watu waliokuwa wakisukuma mlango. Mzee mwenye shamba la kahawa lililo ukingoni aliteremka akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kijito hiki hupanda wewe ukiwa umelala. Kitie chupa." Nilimjibu, "Asante, mzee," nikiwa sijaelewa bado. Alimaanisha chupa tupu za plastiki zilizofungwa vizibo, mbili kwa kila mgono, zikae ndani upande wa juu wa mkia, na kamba ya kufungia iachwe na ulegevu wa kutosha ili maji yakipanda mkia nao upande. Tangu siku hiyo sitegi bila chupa, hata wakati wa kiangazi.

Sababu ya pili ni muda. Mgono uliotegwa saa kumi na moja jioni na kuinuliwa saa moja asubuhi umefanya kazi ya kutosha, kwani kaa hutembea usiku. Uliosahauliwa hadi adhuhuri, au hadi kesho yake kwa sababu pikipiki iliharibika, hauongezi kaa wengi, huongeza maiti. Kama huna uhakika wa kurudi asubuhi, usitege jioni.

Sababu ya tatu ni mahali. Xenopus hupenda maji yaliyotulia, madimbwi na mifereji ya mashamba. Usogeze mgono nyuma ya jiwe kubwa kando ya mkondo unaokwenda, ambako kaa anapatikana na mabuu ya usubi yanahitaji maji yanayotiririka. Sababu ya nne ni chambo cha maini au damu. Badili utumie kipande cha nyama ngumu, utumbo uliooshwa au kichwa cha samaki, ukifunge ndani ya kitambaa ili harufu itoke polepole.

Ukiyafanya yote manne na vyura bado wanaingia, kubali kwamba kijito hicho ni chao. Wakiwa hai na wana hewa, kuwatoa asubuhi ni kazi ya dakika mbili.

Dalili ya pili: kambare na samaki wadogo ni wengi kuliko kaa

Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukikuta samaki wadogo wembamba, kosa liko kwenye ukuta wa mgono. Ukikuta kambare, kosa liko kwenye koo au kwenye chambo.

Samaki wadogo hubaki ndani kwa sababu mfumaji amebana fito mno, au ametumia waya wa tundu dogo akidhani kwamba mgono uliobana ndio mgono imara. Kipimo changu cha shambani ni kidole gumba: tundu la ukuta likipitisha kidole gumba cha mtu mzima, samaki wengi wa kijito watatoka wenyewe kabla hujafika, na kaa anayefaa kuchunguzwa atabaki. Kwa mgono wa mwanzi, ng'oa ufito mmoja katika kila mitatu upande wa mkia. Kwa mgono wa waya, badili kipande cha mkia peke yake badala ya kuufuma wote upya.

Kambare ni mgumu zaidi, kwa kuwa kichwa chake nacho ni bapa na humfuata kaa katika mlango ule ule, tena wote wawili ni watembezi wa usiku, hivyo kubadili saa hakusaidii. Anza na chambo. Utumbo wa samaki uliooza ni mwaliko wake rasmi. Chambo kibichi humvuta kidogo zaidi. Kisha rudi kwenye vipimo ulivyoandika, upunguze kimo cha koo hadi kizidi unene wa kaa wako mkubwa kwa nusu sentimita tu. Kambare mkubwa atazuiwa, na mdogo atapita kwenye matundu ya mkia. Aliyebaki ndani huwa hai, kwani kambare ana kiungo cha kupumulia hewa na huvumilia mengi. Mwachie pale pale ulipomkuta, usimbebe hadi kijito kingine hata kama unaona huko kuna maji mazuri zaidi.

Kuna wanaosema kambare aliyenaswa ni kitoweo cha halali cha mtegaji. Sibishani na mtu mwenye njaa, lakini mgono unaotegwa kwa ajili ya kuchunguza kaa ukianza kuleta kitoweo, hautakaa tena mahali pa kaa; utahamia mahali pa kambare. Tena uvuvi una sheria zake, na anayetaka samaki amwone kwanza afisa wa uvuvi wa wilaya kuhusu zana na maji yanayoruhusiwa.

Dalili ya tatu: mgono umechanwa, na kaa ni vipande

Usiufume upya kabla hujamjua aliyeuchana, maana kila mmoja ana dawa yake.

Tazama kwanza mawe ya karibu. Kinyesi chenye vipande vingi vya magamba ya kaa, kilichowekwa juu ya jiwe lililo wazi, humwelekea fisi maji. Fisi maji asiye na makucha hula kaa kuliko karibu chakula kingine chochote, na mgono wako kwake ni meza iliyoandaliwa. Nyayo zenye makucha marefu zikiwa na mstari wa mkia katikati yake ni za kenge. Nguchiro wa majini naye hula kaa, ila mara nyingi huchokoa kutoka nje. Na ukikuta kamba imekatwa kwa kisu, kikapu kizima na kaa hawapo, huyo ana miguu miwili, na mazungumzo yake ni ya kijijini.

Hatua rahisi ni kuhamisha mgono mbali na jiwe lenye kinyesi kibichi na kukifungia chambo katikati ya kikapu, ndani ya mkebe wenye matundu, kisifikiwe kwa mkono kutoka nje. Isipotosha, weka fremu kooni. Wazo hili si geni. Katika ghuba za pwani ya mashariki ya Marekani, wavuvi wa kaa wa buluu walikuwa wakiwazamisha kobe wa maji ya chumvi ndani ya mitego yao, na dawa iliyopatikana ni fremu ya mstatili inayofungwa kwenye mlango. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika huko ni sentimita 4.5 kwa 12. Kaa anapita kwa ubavu, na kobe mwenye gamba lililonyanyuka anagota. Usinakili vipimo hivyo, kwa sababu kaa wa kule si wa kwetu. Pinda waya mgumu uwe mstatili kwa vipimo vya kaa wako, ufunge kwa waya mwembamba pande zote nne, kisha jaribu kusukuma ngumi yako: ikiingia, kichwa cha fisi maji mchanga nacho kitaingia, na kichwa kikipita, mwili hufuata.

Jaribu fremu katika nusu ya migono kwa siku tatu ukilinganisha na nusu nyingine. Kaa wakipungua sana upande wenye fremu, ongeza upana, usiguse kimo.

*Simama hapa.* Fisi maji au kenge aliye hai ndani ya mgono hashikwi kwa mkono. Fisi maji huuma hadi mfupa, na mama yake huwa hayuko mbali. Kama kikapu kiko majini, vuta kamba kutoka ukingoni hadi mnyama apate hewa, rudi nyuma, na uwaite watu wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ukiona nyoka ndani, usijaribu kumtambua ni wa aina gani. Acha mgono, ondoka, ita msaada. Na ikiwa kijito chako kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ruhusa ya mamlaka hiyo inatangulia mgono wa kwanza, haifuati matatizo. Wanaoshusha migono hadi kwenye maziwa na mito mikubwa wana jambo jingine la kuogopa, yaani mamba na kiboko, na mwongozo huu hauwahusu.

Dalili ya nne: kaa wadogo, kaa vilema na majike yenye watoto

Kaa ni mlaji wa kaa mwenzake. Ukiwakuta wengi hawana miguu, sababu ya kwanza ni msongamano, na aliyejivua gamba hivi karibuni huliwa wa kwanza kwa kuwa mwili wake bado ni laini. Inua mapema zaidi, tumia migono mingi yenye chambo kidogo badala ya mmoja wenye chambo kingi, na utie majani au gome ndani ili mdogo apate pa kujificha.

Kwa wadogo, fungua vitundu viwili vya kutorokea chini kabisa ya ukuta, kwa sababu kaa anayetafuta njia hutambaa pembezoni mwa sakafu. Tundu lililo juu hatalipata.

Jike la kaa wa maji baridi hubeba mayai chini ya mkia uliokunjwa tumboni, na yakianguliwa hutoka vikaa vilivyokamilika ambavyo huendelea kukaa hapo kwa muda. Mfunue kwa uangalifu, mchunguze haraka akiwa ndani ya beseni lenye maji ya kijito hicho hicho, kisha umrudishe chini ya jiwe, si katikati ya mkondo.

Dalili ya tano: mgono umepotea

Mgono uliochukuliwa na maji hauachi kutega. Aliyeingia hufa, maiti yake inakuwa chambo, na mwingine anafuata. Kwenye mgono wa mwanzi mzunguko huo hukatika fito zinapooza, lakini wa waya na nailoni hudumu. Dawa yake ni kukata kipande cha ukuta kinachotosha kumpitisha kaa mkubwa, kisha kukishonea kwa uzi wa pamba usiotiwa lami. Uzi ukioza, mlango unafunguka wenyewe. Kule Alaska sheria inadai uzi unaooza katika mitego ya kaa kwa sababu hiyo hiyo. Badili uzi kila unapoona umeanza kulegea, na uandike kwenye daftari idadi ya migono uliyotega na uliyoinua, hata kama ni minne tu.

*Simama hapa.* Usiingie majini kufuata mgono kijito kikiwa kimebadilika rangi au kinabeba vijiti. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na kuua watu. Mito hii hujaa kwa mvua ambayo wewe hujaiona.

Dalili ya sita: kila kilichomo kimekufa, hata kaa

Kaa hafi kwa kukosa hewa usiku mmoja katika kijito chenye mkondo. Ukimkuta amekufa pamoja na kambare na samaki wadogo, usitazame tena mgono, tazama maji. Panda hatua hamsini kuelekea juu ukiangalia kingo. Samaki wanaoelea nje ya mgono, povu lisilo la kawaida, chupa za dawa za mimea, au majani ya utupa yaliyopondwa humaanisha kwamba mtu ametia sumu.

*Simama hapa, bila kujaribu lolote.* Usishike maiti kwa mikono mitupu, usile, usimpe mbwa. Waonye wanaochota maji upande wa chini kabla ya kufanya jambo jingine, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji, afisa wa uvuvi na kituo cha afya. Mgono wenyewe uache pale ulipo na vilivyomo hadi mmoja wao afike, kwa kuwa watahitaji kuona kilichokufa, mahali kilipofia, na saa uliyoinua.